Mchanga Ulioona Jua

Julai ni mwezi wa baridi kijijini Manokwane. Alfajiri majani huwa meupe kwa umande ulioganda, na ndoo iliyosahauliwa nje huota barafu juu yake. Mosidi, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na kazi yake kila asubuhi ya likizo: kuwasha jiko la makaa ya mawe, kuteka maji, kisha kukoroga uji mchachu wa mtama mpaka Bibi aseme umeiva. Na Bibi hakuwa mwepesi wa kusema umeiva.

"Koroga, mjukuu wangu. Huo bado una mabonge kama barabara ya kwenda shuleni kwenu."

"Bibi, mkono umekufa ganzi."

"Mkono wa umri wako haufi ganzi. Wangu ndio wenye haki hiyo. Koroga."

Bibi alikuwa ameketi karibu na jiko, blanketi begani, kopo lake la ugoro mkononi. Ugoro ule aliutengeneza mwenyewe kwa tumbaku iliyosagwa pamoja na majivu ya shubiri. Alifungua kifuniko, akabana chembe kwa vidole viwili, na kabla hajaupeleka puani akadondosha kidogo chini. Hiyo ilikuwa sehemu ya wazee waliotangulia. Mosidi alikuwa ameona hivyo kila siku tangu alipojua kutambaa.

Mama yake aliingia jikoni akiwa tayari amevaa ovaroli na kofia ngumu yenye taa. Jina lake lilikuwa Goitsemang, lakini kijiji kizima kilimwita Mama Mosidi. Kwa miaka mingi alikuwa mchimbaji katika Pango la Nungunungu, lililo upande wa pili wa kilima, ambako watafiti wa chuo kikuu walitafuta mabaki ya binadamu wa kale. Watu wanaodhani kuchimba ni kupiga sururu hawajamwona Mama Mosidi kazini. Yeye alichimba kwa brashi ya rangi, kijiko na sindano, akilala kifudifudi kwenye mwamba baridi, punje kwa punje.

Mwezi uliopita brashi yake ilikuwa imegusa kitu laini cheupe. Kilikuwa jino. Alipoendelea kufagia, jino likaonyesha jirani yake, na jirani akaonyesha mwingine, mpaka taya zima la chini likatokea. Daktari Annelie Rautenbach, kiongozi wa utafiti, alipiga magoti kwenye tope akamshika mkono Mama Mosidi. Tangu siku ile mama alitembea kijijini kama mtu aliyefaulu mtihani wa maisha.

"Leo tunachukua mchanga wa kupimia umri wa taya," mama alisema akinywa uji wake amesimama. "Mosidi, utakuja kubeba chakula na kunisaidia kulinda vifaa."

Bibi akabana ugoro, akaufunga ndani ya kipande cha gazeti, akampa Mosidi. "Mpe mama yako mkifika. Kabla hawajatoa kitu, amdondoshee mzee wa pangoni pale mlangoni, amwambie anapelekwa wapi. Mtu wa kwetu hahamishwi kimya kimya."

Mosidi alilijua jambo hilo vizuri. Babu yake alipofariki mbali, katika mji wa migodi, Bibi alipanda basi akaenda mwenyewe mahali alipofia. Njia nzima ya kurudi alisema na roho yake kwa sauti: sasa tunavuka mto, sasa tunabadili basi, sasa tumefika kwako. Abiria wengine hawakucheka. Nao walikuwa na wazee wao.

Walipofika pangoni, kikosi kilikuwa kimekwisha kuingia. Mama akafunga kamba kiunoni, akatelemka haraka. Karatasi ya ugoro ikabaki mfukoni mwa Mosidi, imesahauliwa.

Adhuhuri watu walitoka na mabomba matatu ya chuma, marefu kama mkono wa mtoto. Walikuwa wameyapigilia kwenye ukuta wa udongo mle ndani, yakajaa mchanga, kisha wakayaziba na kuyafunga kwa plastiki nyeusi. Bomba moja lilitoka juu ya taya, moja chini yake, na la katikati, lenye alama nyekundu, lilitoka pale pale taya lilipolala. Mama aliyaweka ndani ya mfuko mzito mweusi, kando ya mwamba ambapo Mosidi alikuwa ameketi akiota jua.

"Usifungue," alisema. "Wala usimruhusu mtu afungue."

"Kwa nini, Mama?"

"Nitakueleza jioni. Sasa naitwa." Akarudi chini na wenzake kuziba shimo.

Mosidi akabaki peke yake na mabomba. Aliingiza mkono mfukoni ili apashe vidole joto, na vidole vikakuta karatasi ya ugoro.

Mzee alikuwa ametolewa bila kuagwa. Kesho udongo wake ungepakiwa garini kwenda mjini, na hakuna aliyemwambia neno. Kumwambia mama kwamba alisahau kulimaanisha kukaripiwa mbele ya kikosi. Mosidi akafikiri, na kama kawaida ya mtu anayetaka kufunika kosa, akapata njia ya mkato iliyomfurahisha sana. Angetia ugoro ndani ya bomba lenye alama nyekundu, kidogo tu, na mzee angesafiri na heshima yake humo humo.

Akabandua utepe, akafungua. Bomba lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, hapakuwa na nafasi ya hata punje moja. Akaligonga kidogo kwenye goti ili apunguze. Mchanga ule, uliokuwa mkavu, ukateleza wote kwa pamoja ukamwagikia shali aliyoitandika juu ya mwamba, katikati ya jua kali la mchana.

Alibaki ameutazama. Kisha akaanza kuuzoa kwa viganja, akauchanganya na ugoro kwa sababu hakujua tena afanye nini, akaurudisha kidogo kidogo mpaka punje ya mwisho. Akaziba, akafunga plastiki, akakandamiza utepe. Kwa macho, bomba lilikuwa vile vile.

Mama alitoka pangoni akijifuta jasho. "Vipi, mlinzi?"

"Salama, Mama," Mosidi alisema.

Jioni ile mama alirudi amechoka, akalala bila kueleza chochote. Mosidi naye hakuuliza.

Siku zikapita. Shule zikafunguliwa, pepo za Agosti zikapuliza vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Mosidi alikuwa karibu kulisahau lile bomba. Ndipo alasiri moja gari la Daktari Rautenbach likasimama mlangoni, na Daktari akashuka bila tabasamu. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, aliyezaliwa kwenye shamba la jirani, na alizungumza lugha ya pale kama wenyeji.

"Karibu, Daktari," Bibi alisema. "Uso huo umeuleta kutoka wapi?"

"Nimeuleta kutoka maabara, Bibi."

Wakaketi. Mosidi akaambiwa amimine chai. Daktari alishika kikombe bila kunywa, akamgeukia mama.

"Goitsemang, majibu ya mchanga yamekuja, na si mazuri. Juu ya taya mchanga una umri wa miaka kama laki tatu. Chini yake hivyo hivyo, umezidi kidogo. Lakini pale penyewe, kwenye bomba lenye alama nyekundu, mchanga hauna umri kabisa. Ni kama umeingia pangoni mwaka huu."

"Haiwezekani," mama alisema.

"Mchanga umejuaje umri wake?" Bibi aliuliza. "Nani aliuambia?"

Daktari akatabasamu kidogo. "Bibi, weka ndoo chini ya bomba linalovuja. Tone, tone, tone. Ukija baadaye ukakuta maji yamefika nusu, utajua ndoo imekaa muda gani, sivyo?"

"Nitajua kuna mtu mvivu hajatengeneza bomba. Endelea."

"Punje ya mchanga ni kama hiyo ndoo. Ikiwa imefukiwa gizani, udongo unaoizunguka unaitia nguvu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Maabara tunaiamsha punje kwa mwanga maalumu, nayo inatoa ile nguvu iliyoweka. Tukipima, tunajua imekaa gizani miaka mingapi. Jua ndilo linalomwaga ndoo. Punje ikiona jua hata kwa dakika chache, inabaki tupu, inaanza kuhesabu upya. Ndiyo maana tunaichukua gizani, kwa taa nyekundu hafifu, na kuifunga kwa plastiki nyeusi."

Chai ikafurika kikombeni, ikamwagika mezani. "Mosidi," mama alisema, "macho yako yako wapi?"

Mosidi alichukua kitambaa akafuta. Sasa alijua kwa nini aliambiwa asifungue, na aliona tena ule mchanga ukimetameta juu ya shali yake katikati ya jua.

"Kuna jambo jingine," Daktari aliendelea kwa sauti ya chini. "Ndani ya mchanga ule tumekuta vipande vya majani makavu. Wenzangu chuoni wanasema kuna udongo wa juzi juzi ulioanguka kutoka juu, ukachanganyika na wa kale, na mchimbaji hakuona. Na kama ni hivyo, hata taya huenda lilianguka kutoka kwingine. Hatuwezi tena kutaja umri wake."

"Wanasema nimechanganya matabaka ya udongo," mama alisema polepole.

"Wengine wanasema hivyo. Ijumaa kamati inakuja. Wanataka kufunga sehemu ile ya pango, nawe uhamishiwe getini, kupokea wageni."

Mama aliyatazama mapaja yake, mahali palipolala mikono iliyojaa makovu ya mawe. "Nilipachimba kwa sindano, Annelie," alisema. "Kila punje niliigeuza."

"Najua. Lakini mimi kujua hakutoshi. Wanataka ushahidi."

Habari mbaya haihitaji gari. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Kabo wa darasa la saba alikuwa na wasikilizaji wengi chini ya ukuta wa shule.

"Mmesikia? Mama yake Mosidi kachimba kaburi la paka, akasema ni mzee wa zamani."

"Taya lenyewe labda la mbuzi wa Krismasi," mwingine akadakia.

Siku nyingine Mosidi angemjibu Kabo mpaka ajute kuzaliwa na mdomo. Siku ile alishika njia akaenda kukaa nyuma ya choo. Alirudi nyumbani akamkuta mama anaosha ovaroli iliyokuwa tayari safi. Brashi yake, ile iliyogusa jino la kwanza, ilikuwa juu ya kabati, imeviringishwa kwenye gazeti kama kitu kisichotumika tena. Mosidi akaiona, akageuza uso.

Jioni hakugusa ugali wala mboga. Bibi alimtazama, akamwita nje, jua likiwa bado halijazama.

"Siku ile nilikupa ugoro. Ulimpa mama yako?"

Mosidi akatazama chini.

"Nimeuliza swali dogo."

Ndipo akasema yote. Alisema jinsi alivyosahau, jinsi alivyofungua, jinsi mchanga ulivyomwagika, na jinsi alivyosema salama. Alilia mpaka shali ikalowa. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Nilisema mzee aagwe mlangoni. Sikukwambia ukamtie ugoro puani."

Mosidi alishindwa kujua kama acheke au aendelee kulia, akafanya yote mawili.

"Kusahau si kosa kubwa," Bibi akasema, sasa bila mzaha. "Hata kumwaga, mkono ni mkono. Lakini mchuma janga hula na wa kwao. Ulilichuma peke yako, sasa tunalila wote, na mama yako ndiye amewekewa sahani kubwa kuliko sisi."

"Bibi, mwambie wewe."

"Mimi? Mdomo uliosema salama ndio utakaosema si salama. Inuka, futa makamasi, mama yako yuko ndani."

Mama alisikiliza akiwa amesimama, ovaroli imelowa mikononi mwake. Mosidi alipomaliza, mama aliikamua ovaroli mpaka tone la mwisho. Mosidi angependa kupigwa kuliko kungoja vile.

"Niliuliza vipi, mlinzi," mama alisema hatimaye. "Nawe ukanitazama machoni."

"Niliogopa, Mama."

"Nami nimelala macho wazi nikijiuliza kama mikono yangu imezeeka. Nilianza kuamini, Mosidi. Nilianza kuamini kwamba ni mimi." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko. Kisha akaketi, akamvuta binti yake karibu, akamkalisha. "Umekosa sana. Lakini umekuja mwenyewe, na hilo nimeliona. Tatizo ni kwamba kamati haitakuamini. Watasema nimekufundisha uongo wa kuniokoa."

"Nitawaambia hata hivyo," Mosidi alisema.

Ijumaa kamati ilikaa ndani ya hema kubwa mbele ya pango. Mezani palikuwa na hadubini na chupa ndogo yenye mchanga uliobaki wa bomba lenye alama nyekundu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Mabizela, mzee mwenye miwani mizito na sauti ya upole isiyobembelezeka. Mosidi alisimama mbele yao na sare yake ya shule, Bibi na mama nyuma yake, akasimulia kila kitu. Hakujipunguzia hata tone. Alitaja hata neno salama.

Profesa aliweka miwani chini. "Binti, mtoto anayempenda mama yake anaweza kusema lolote. Hata mimi kwa mama yangu ningesema. Umesikia kwamba tulikuta majani makavu, nawe umetuletea hadithi ya majani. Sisi hufuata ushahidi."

Mosidi akakumbuka Bibi akisaga ugoro pale jikoni, na akakumbuka kwamba katika maneno yote ya Daktari kuna kitu hakikutajwa.

"Profesa, shikamoo," alisema, maana alikuwa amesahau kusalimia. "Ugoro wa Bibi si majani peke yake. Una majivu ya shubiri. Anayachoma mwenyewe, anayachuja, anachanganya. Kama ni ugoro wetu uliomo mle, basi na majivu yamo. Daktari hakusema habari za majivu. Naomba mwangalie."

Profesa alimgeukia Daktari Rautenbach. Daktari alikuwa tayari amesimama. Bibi akatoa kopo lake, akalikabidhi kwa mikono miwili, akaonya, "Usimalize."

Daktari aliweka chembe ya ugoro kwenye kioo kimoja na chembe za mchanga kwenye kingine. Alitazama cha kwanza, akatazama cha pili, akarudi cha kwanza. Mama alikuwa amefumba macho. Nje, kunguru alilia mara moja akanyamaza.

"Njoo uone, Profesa," Daktari alisema.

Profesa aliinama juu ya hadubini kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Majivu yapo," alisema. "Vumbi hili la kijivu tuliliona, tukadhani ni chokaa ya pangoni, hatukulipima. Na hatukumwambia mtu." Akageuka, akavua kofia yake, akamwendea mama. "Mama Mosidi, tulikuhukumu kabla ya kumaliza kutazama. Kosa hilo ni letu, si la mtoto. Tafadhali tusamehe, na urudi kazini kwako."

Mama alimpa mkono. Bibi akajibu kwa niaba yake kwa kigelegele kilichowashtua popo mle pangoni, wakatoka wakiruka ovyo mchana kweupe.

Juma lililofuata mchanga ulichukuliwa upya. Safari hii hakuna aliyeingia kabla ya Bibi. Alisimama mlangoni mwa pango, akavua viatu, akadondosha ugoro kwenye mwamba. Ukoo wao ni wa nungunungu, mnyama wasiyemla wala kumuua, na ndani ya lile pango nungunungu walikuwa wamekokota na kutafuna mifupa tangu zamani zisizohesabika. Bibi akawataja wao, akawataja wazee, kisha akaeleza kwa sauti ya kawaida kama mtu anayezungumza na jirani: "Tunachukua udongo kidogo ulikolala. Unakwenda mjini, utaulizwa umri wako. Usione haya kusema, hata mimi nimezeeka." Daktari Rautenbach alisubiri ameinamisha kichwa, na kikosi kizima nyuma yake.

Mosidi aliruhusiwa kushuka. Taa zote zilizimwa isipokuwa moja nyekundu, hafifu kama kaa la moto linalokufa. Kwa mwanga ule alimwona mama yake akipigilia bomba kwenye ukuta, taratibu, kwa mikono isiyotetemeka, kisha akiliziba na kulifunga. Juu ya mahali lilipolala taya palikuwa na tabaka la chokaa lililogandishwa na maji yanayodondoka. Daktari alikata kipande chake pia.

"Hili nalo ni saa, tena ya aina nyingine," alimweleza Mosidi. "Lina madini ya urani kidogo, yanayogeuka kuwa kitu kingine kwa mwendo ule ule siku zote, hayana haraka wala uvivu. Tukipima yaliyobaki na yaliyogeuka, tunajua chokaa iliganda lini. Na kwa kuwa iko juu ya taya, haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko taya."

"Na kama saa hizi mbili hazikubaliani?"

"Basi tumekosea mahali, na tutatafuta tena. Ndiyo kazi yetu."

Walipopanda juu, mama aliweka mabomba ndani ya mfuko mweusi, akamtazama binti yake, akamkabidhi mfuko wenyewe. Kila mtu alikuwa akiangalia. Mosidi aliupakata mpaka gari lilipofika, hakuinuka hata kwenda kunywa maji. Wakati wa kuupakia garini mama akauliza, "Vipi, mlinzi?"

"Salama, Mama. Hii ya leo ni ya kweli."

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha na vilima vimegeuka kijani Daktari aliporudi. Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja shuleni, kwa sababu alikuwa ameomba kibali kwa mwalimu mkuu. Wanafunzi walipangwa uwanjani. Wanakijiji walijaa hadi kwenye uzio, akina mama na watoto mgongoni, wazee na viti vyao. Mama Mosidi aliitwa mbele. Alivaa ovaroli yake ya kazi, na mfukoni kifuani ilichomoza ile brashi.

"Mchanga wa juu umesema miaka laki tatu," Daktari alitangaza. "Wa chini umesema umezidi kidogo. Na wa katikati, ulipolala mzee wetu, umesema hapo hapo kati yao. Chokaa iliyomfunika, iliyopimwa katika maabara nyingine na watu wengine, imesema iliganda muda si mrefu baada yake. Saa mbili zisizojuana zimesema neno moja. Hakuna tabaka lililochanganywa. Taya liko pale pale Mama Mosidi aliposema liko, na limekaa hapo tangu kabla hakujawa na kijiji wala shamba duniani."

Vigelegele vilipasuka kwenye uzio. Akina mama walivuka wakaingia uwanjani wakicheza, mwalimu mkuu akajaribu kuwazuia kisha naye akajikuta anapiga makofi. Kabo alimsogelea Mosidi akikuna kichwa.

"Basi si mbuzi," alisema.

"Si mbuzi."

"Nisamehe. Na mama yako pia anisamehe. Naweza kuliona hilo taya?"

"Utaliona. Ukinawa mikono kwanza."

Watu waliponyamaza, mwalimu mkuu akamwomba Mama Mosidi awaambie watoto neno. Hakuwa mzoefu wa hotuba. Alisimama akichezea brashi yake, kisha akamwita Mosidi asimame kando yake, akamwekea mkono begani mbele ya shule nzima.

"Wanangu, mimi nimejifunza kwa mchanga," alisema. "Mchanga ukitaka useme ukweli, uufiche jua lisiuone. Binadamu hayuko hivyo. Sisi kosa tukilifunga kwenye plastiki nyeusi, linaoza, na harufu yake inawaingia hata wasio na hatia. Binti yangu alikosea, na kila mtu hapa anajua. Lakini alilitoa kosa lake juani mwenyewe, akasimama mbele ya wakubwa akasema. Kama angenyamaza, mimi ningekuwa getini, na mzee wetu angebaki bila umri mpaka kiama. Mkikosea, na mtakosea, semeni mapema. Ukweli uliochelewa bado ni ukweli, ila huwa umeshawagharimu wengine."

Akamtazama binti yake. "Na mkitumwa ugoro, ufikisheni."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Bibi, aliyeketi mstari wa mbele na blanketi lake, alicheka kuliko wote. Akafungua kopo, akadondosha chembe kwenye nyasi mpya, kisha akavuta sehemu yake. Jumatatu iliyofuata, baada ya masomo, Mama Mosidi alishuka pangoni na taa yake, na binti yake akashuka nyuma yake, amebeba kijiko, sindano na brashi mpya aliyonunuliwa na mama.